Je, wajua kwa nini wimbo mmoja wa dansi ulijaza pande zote mbili za santuri?

Chukua santuri ndogo ya dansi ya miaka ya 1970, ile ya inchi 7, usome lebo yake. Upande wa kwanza kuna jina la wimbo, jina la bendi, na namba 1. Igeuze: jina lile lile, bendi ile ile, namba 2. Wimbo ni mmoja, umekatwa katikati. Ndiyo maana mashabiki wa zamani wakikutana kukumbushana madansi ya DDC Kariakoo au Lang'ata ya Kinondoni hawakosi kubishana. Mmoja anasema wimbo fulani ni wa dakika nne, mwenzake anaapa aliucheza mpaka shati likalowa. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu mmoja anaukumbuka kutoka kwenye santuri na mwingine kutoka ukumbini.

Jibu lina mambo mawili yanayokutana: namna wimbo wa dansi unavyojengwa, na nafasi iliyopo kwenye sahani ya plastiki.

Tuanze na wimbo. Dansi ya Afrika Mashariki ilijifunza mengi kwa rumba ya Kongo, na kubwa kuliko yote ni kuugawa wimbo sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno: utangulizi wa gitaa la solo au wa tarumbeta na saksafoni, kisha beti na kiitikio, kwa mwendo wa taratibu. Hapo ndipo mtunzi anapotoa kisa chake cha mapenzi, mirathi au mtoto asiyesikia. Sehemu ya pili maneno yanapungua, mapigo yanakaza, magitaa yanashika usukani. Wakongo huiita sebene. Bendi za Tanzania ziliita chemko, na neno lenyewe linajieleza: sufuria imechemka.

Chemko ndilo linaloleta shida ya urefu. Kila mpiga gitaa hushika kipande kifupi na kukirudia. Besi ina chake, ridhimu ina chake, gitaa la kati linajaza mapengo, na solo linacheza juu ya wote. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kipande cha mapigo manane kinamalizika kwa sekunde nne. Ukikirudia mara kumi umetumia sekunde 40 tu, na hapo wachezaji ndio kwanza wanapata joto. Vipande hivyo havina mwisho wake wenyewe. Vinaishia pale kiongozi wa bendi anapoamua, naye anaamua kwa kutazama sakafu. Watu wakiwa wamejaa, anaacha liendelee: waimbaji wanataja majina ya wanamuziki na ya wapenzi wa bendi, mpiga tumba anapewa nafasi yake, shabiki anapanda jukwaani kutuza, solo linabadili kipande na wengine wanamfuata. Kufunga ni kwa ishara tu. Solo linapiga kipande kinachojulikana na bendi nzima, au mpiga drams anavunja mapigo, na wapulizaji wanamalizia pamoja. Wimbo wa namna hiyo ukumbini kufika dakika 10 hadi 15 si ajabu.

Chemko pia ndilo lililobeba kitambulisho cha bendi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa na mtindo wake wa Msondo. Western Jazz walikuwa na Saboso, Orchestra Maquis walikuwa na Kamanyola, na Mlimani Park, iliyoanza 1978, ikaja na Sikinde. Shabiki angeweza kusahau beti zote za wimbo, lakini akisikia sekunde kumi za chemko tu alikwambia ni bendi gani inapiga. Kwa hiyo mtu wa studio asingeweza kulikata na kulitupa ili wimbo uenee.

Sasa tuingie kwenye plastiki. Santuri ina mfereji mmoja tu kila upande, unaoanzia ukingoni na kujizungusha hadi karibu na lebo. Santuri ya inchi 7 inazunguka mara 45 kwa dakika. Muziki huanzia takriban sentimita 8.4 kutoka katikati na hauna budi kuisha ukifika kama sentimita 5.4, kwa hiyo mifereji yote inagawana upana wa sentimita 3.

Piga hesabu. Wimbo wa dakika tatu ni mizunguko 135, na kila mzunguko unapata milimita 0.22. Dakika nne ni mizunguko 180: milimita 0.17. Dakika tano ni mizunguko 225: milimita 0.13. Jaribu kuingiza dakika 10 upande mmoja: mizunguko 450, na kila mmoja umebaki na milimita 0.067, unene wa unywele hivi. Mfereji wenyewe una upana wa kama milimita 0.06, hivyo ukuta kati ya mfereji na jirani yake unakaribia kwisha.

Na ukuta huo unahitajika, kwa sababu mfereji hauendi sawasawa. Unayumba kulia na kushoto kufuata sauti. Sauti kubwa inauyumbisha sana, na noti nzito za besi ndizo zinazouyumbisha kuliko zote. Mtambo wa kuchonga hupunguza besi kwa makusudi na kuinua sauti nyembamba, kisha amplifaya ya msikilizaji hurudisha mambo yalivyokuwa, lakini hata kwa msaada huo nafasi haitoshi. Fundi akilazimisha wimbo mrefu ana njia mbili, na zote mbaya. Akiacha sauti kubwa, mifereji inagusana na sindano inaruka. Akiipunguza, wimbo unatoka dhaifu na mchakacho wa plastiki unasikika juu yake. Kwenye baa, ambako santuri ilipigwa baada ya santuri nyingine, wimbo dhaifu ulionekana kama bendi imechoka. Kwa muziki ambao besi ndiyo moyo wake, dakika nne na nusu hivi ndizo kikomo cha heshima.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Kasi ya mzunguko haibadiliki, lakini urefu wa mfereji unaopita chini ya sindano hubadilika. Ukingoni unapita kama sentimita 40 kwa sekunde. Karibu na lebo umeshuka hadi 25. Sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi ndogo, na zinazoumia kwanza ni zile nyembamba: matoazi, makali ya tarumbeta, herufi "s" mdomoni mwa mwimbaji. Sasa fikiria wimbo wa dansi uliojazwa upande mmoja. Chemko, sehemu yenye vyombo vingi kuliko zote, lingeangukia hapo hapo penye ubora mdogo. Ukiukata na kugeuza santuri, chemko linaanzia ukingoni, mahali pazuri kuliko pote. Mkato uliotokana na ufinyu wa nafasi ukageuka neema kwa wapiga magitaa, na ukisikiliza namba 2 nyingi utasikia solo lilivyo safi mwanzoni mwake.

Mkato ulifanywa kwa njia mbili. Ya kwanza, bendi ilipiga wimbo mzima kwenye kanda, kisha fundi akashusha sauti polepole pale maneno yanapokwisha, na namba 2 ikaanzia hapo hapo au mapigo machache nyuma yake. Ya pili, bendi ilisimama kabisa na kuanza upya kwa namba 2. Unaweza kuzitofautisha kwa sikio na saa. Hesabu mapigo ya sekunde 30 za mwisho wa namba 1 na sekunde 30 za mwanzo wa namba 2. Yakilingana, huenda ni kanda moja. Yakipishana kwa mawili matatu, chunguza zaidi: ama bendi ilianza upya, ama chemko lilikazwa makusudi.

Kanda haikuwa na ufinyu huo. Rili ya inchi 10.5, yenye kama mita 760, ikikimbia sentimita 38 kwa sekunde inachukua zaidi ya nusu saa. Ndiyo sababu rekodi zilizofanywa kwa ajili ya kurushwa hewani katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zinatiririka bila kukatwa. Sikiliza Mlimani Park ya miaka ya mwanzo, wakiwemo Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule kwenye kuimba na Michael Enoch kwenye saksafoni: beti zinaingia chemkoni bila mshono wowote. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, na Tanzania ilipofunga mpaka na Kenya Februari 1977, mpaka ukabaki umefungwa hadi 1983, njia hiyo ikawa ngumu. Wimbo uliobaki kwenye kanda ya redio haukuwa na haja ya kukatwa.

Santuri kubwa ya inchi 12, ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, ilipunguza tatizo bila kulimaliza. Upande mmoja unachukua kama dakika 20 bila kuumiza sauti. Bendi za Kongo na za Nairobi zilitumia nafasi hiyo kuweka nyimbo mbili ndefu kila upande, na albamu nzima ikawa na nyimbo nne. Aliyezoea albamu za nyimbo 12 anaweza kuhisi amepunjwa. Lakini kila wimbo hapo una chemko lake kamili, na hiyo ndiyo albamu inayokaribia zaidi dansi la ukumbini.

Leo nyimbo hizi zinapatikana mtandaoni, na hapa ndipo shabiki anapaswa kuwa macho. Waliozihamisha hawakufanya kazi sawa. Wapo waliounganisha vizuri, wapo waliobandika namba 1 na 2 wakaacha ukimya wa sekunde mbili katikati, na wapo waliohamisha namba 1 peke yake. Hao wa mwisho wamempakulia mtu ugali wakamnyima mboga. Dalili ni rahisi kuijua: wimbo uko chini ya dakika tano, na sauti inafifia mara tu magitaa yanapoanza kukaza. Ukisikia hivyo, tafuta namba 2 kabla ya kusema unaujua wimbo huo.

Mwenye santuri yenyewe anaweza kuunganisha nyumbani kwa programu yoyote ya kuhariri sauti. Osha santuri kwa maji yaliyokenekwa (distilled water) na matone machache ya sabuni ya vyombo, lebo isilowe, ikauke kabisa. Usitumie spiriti kwenye santuri za zamani za mizunguko 78, maana inayeyusha utomvu wake. Tundu likiwa kubwa, la milimita 38, weka kishikio cha kati na hakikisha hakichezi. Sauti ikipanda na kushuka kila baada ya sekunde 1.3, tundu halipo katikati hasa: legeza, sogeza santuri kidogo, jaribu tena. Waimbaji wakitoka na sauti za kukoroma, umesahau kubadili kasi kutoka 33 kwenda 45.

Rekodi pande zote mbili kwa mkao mmoja, bila kugusa kiwango cha sauti, katika faili lisilobanwa. Kisha linganisha noti ya besi inayojirudia mwisho wa namba 1 na mwanzo wa namba 2. Upande mmoja ukiwa juu kidogo, badili kasi yake kwa asilimia 0.2 au 0.3 kila mara hadi zilingane; ukijikuta unazidi asilimia 2, simama, huenda bendi yenyewe ilityuni upya.

Mshono ndio kazi. Tafuta mahali ambapo namba 1 bado haijaanza kufifia. Kama namba 2 inarudia mapigo yale yale, panga pigo moja la drams juu ya lingine na ukate hapo. Kama hakuna marudio, sikiliza kipande cha ridhimu kinaanzia wapi, ukate kwenye pigo lake la kwanza, na uchanganye kingo kwa milisekunde 10 hadi 20 tu. Kosa la kawaida ni kukata katikati ya kipande. Sikio linaweza lisigundue, lakini mguu unajikwaa, na aliyewahi kulicheza wimbo huo atakwambia papo hapo kwamba kuna kitu kimeruka. Usijaribu kuinua sauti pale ilipokwisha kufifia sana, kwa sababu mchakacho wa santuri utapanda nayo.

Ukimaliza, sikiliza mwisho wa namba 2. Mara nyingine bendi inafunga kwa ishara yake, wapulizaji na drams pamoja. Mara nyingi zaidi sauti inafifia tena, solo likiwa limeshika kipande kipya. Hapo ni fundi aliyeshusha sauti. Bendi ilikuwa bado inapiga.