Hahitaji kuacha pombe kwanza ndipo aende mkutanoni

Nimeambiwa tena, safari hii na kaka wa mteja, kwamba familia imeamua kumfungia ndugu yao nyumbani mpaka pombe imtoke mwilini, na akishakuwa msafi ndipo watakapomleta kwenye kikundi cha Alcoholics Anonymous (AA), yaani watu wenye tatizo la pombe wanaokutana kusaidiana kuacha. Maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi, wachungaji, maimamu, maofisa wa utumishi na, kwa masikitiko makubwa, kwa wahudumu wa afya wenzangu. Uvumilivu wangu umekwisha, kwa hiyo naandika jibu mara moja ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Desturi ya Tatu ya AA, moja ya kanuni zinazoongoza vikundi vyake, iliyopitishwa pamoja na nyingine 11 katika kongamano la Cleveland mwaka 1950, inasema kwamba sharti pekee la uanachama ni nia ya kuacha kunywa. Haikutaja idadi ya siku, wala pumzi isiyonuka. Wanaodhani huo ni ulegezaji wa masharti uliokuja baadaye wautazame mwanzo wenyewe wa AA, huko Akron, Ohio, mwaka 1935: Bill Wilson, aliyekuwa ameacha kwa miezi michache tu, alimtafuta Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa bado anakunywa, na ambaye alianguka tena hata baada ya mazungumzo yao. Siku ya kuzaliwa kwa AA, tarehe 10 Juni, inahesabiwa kutokana na pombe ya mwisho ya Bob, bia aliyopewa asubuhi ili mikono isitetemeke kabla ya upasuaji. Kama Bill angemwambia aache kwanza ndipo waonane, leo tusingekuwa na mkutano wa kubishania.

Kuhusu kumfungia mtu ndani, hapo ndipo kutoelewa kunapogeuka kuwa hatari ya kufa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ambaye hawezi kuianza asubuhi bila kuzimua, akikatiwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne akaweweseka, akaona visivyokuwepo, huku mapigo ya moyo na joto la mwili vikipanda. Jirani atasema amerogwa, nayo familia itakaza kufuli. Mtu wa namna hiyo, hasa aliyewahi kupata degedege, anatakiwa aonwe na daktari kabla ya kukatiwa, ili apewe dawa za kutuliza kama vile diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa polepole, pamoja na vitamini B1. Kikundi hakitoi dawa, na hospitali haichukui nafasi ya kikundi; mgonjwa anaweza kuvihitaji vyote viwili katika wiki moja.

Je, akifika ananuka changaa? Kwa kawaida anakaa. Vikundi vingi humwomba asikilize tu, azungumze siku nyingine, na anayefanya fujo hutolewa nje kwa upole. Hata asiyekunywa siku hiyo halazimiki kusema neno: atataja jina moja, au atapisha zamu iende kwa mwingine. Kapu la mchango likipita, mgeni haulizwi kitu. Msindikizaji aulize mapema kama mkutano ni wa wazi, kwa sababu ule uliofungwa ni wa wale tu wenye tatizo la kunywa, na shemeji mwenye nia njema ataachwa mlangoni. Jamaa wana kikundi chao, Al-Anon, ambacho watu wetu hukikwepa kana kwamba ugonjwa ni wa mmoja tu nyumbani.

Kuupata mkutano ni kazi ndogo, ijapokuwa inaudhi. Kwa Kenya, piga simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, au uliza kliniki ya afya ya akili iliyo karibu. Kisha, kabla ya kupanda matatu, mpigie mtu wa kikundi chenyewe, kwa kuwa orodha huzeeka na chumba hubadilishwa. Mara nyingi chumba hicho ni cha kanisa, jambo linalowafukuza Waislamu bure, kwani kikundi hukitumia kama mpangaji tu. Zanzibar soba hausi, yaani nyumba za kupona uraibu, zimetumia hatua 12, mwongozo wa kupona uliotokana na AA, miongoni mwa Waislamu kwa miaka mingi.

Hata hivyo sitauza nisichokiamini kikamilifu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, mwaka 2020 yalionyesha kwamba programu za kitaalamu zinazomwelekeza mtu AA zinasaidia kuacha kabisa kuliko tiba nyingine kadhaa, lakini hicho si kipimo cha kutupiwa anwani na kuachwa. Lugha ya Mungu iliyomo katika hatua hizo 12 inawasumbua baadhi ya wateja wangu, na maelezo kwamba kila mtu humfahamu Mungu kwa namna yake hayawatoshi wote. Wanawake huniambia kwamba chumba chenye wanaume watupu huwafunga mdomo, nami huwatafutia kikundi cha wanawake, hata kama ni cha mtandaoni. Wapo pia wanaoacha bila kikundi chochote, na siwezi kutabiri ni nani. Ndiyo maana humwomba mgeni ajaribu vikundi kadhaa tofauti kabla ya kuamua, kwa sababu kikundi kimoja kibovu kinaonyesha tu ubovu wa kikundi hicho.

Yule kaka nimemwambia afungue mlango leo na ampeleke ndugu yake kwa daktari, kisha waende kwenye mkutano wa jioni uliopo, hata kama daktari atakuwa bado hajamaliza naye.