Una lupasi? Mkojo wa povu usiupuuze

Mgonjwa wa lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, akiingia chumbani kwangu kliniki, viungo vinavyomuuma na upele wa usoni huvitaja mwenyewe. Figo hazitaji, kwa kuwa haziumi. Ndiyo maana kabla ya mazungumzo humpa kikopo cha mkojo.

Kwenye kijiti cha kupimia, kipande cha protini huwa cha manjano. Nakichovya, nasubiri kama dakika moja; protini ikiwapo kinageuka kijani, na kijani kikikolea ujue inavuja nyingi. Kinga ikishaugeukia mwili hivyo, vichujio vya figo navyo havisalimiki. Huwa kama kifumbu kilichotoboka, machicha yanaingia kwenye tui. Nyumbani utaona povu lisilokatika chooni, baadaye uso na miguu kuvimba. Protini ikifika nusu gramu kwa siku, mara nyingi naomba kinyama cha figo kipimwe, kwani aina ya uharibifu ndiyo inayoniongoza kuchagua dawa. Aliye Micheweni au Kengeja, kule Pemba, kituo cha karibu kikiwa na vijiti hivi, hana haja ya kupanda boti kuja Unguja kwa kipimo hiki cha kwanza. Apimwe huko huko, kila anapokwenda kliniki.

Presha nayo ipimwe siku hiyo hiyo. Napenda isizidi 130/80. Enalaprili au losartani huishusha na pia hupunguza protini inayovuja, ila anayetaka kubeba mimba aniambie mapema, maana dawa hizi humdhuru mtoto tumboni.

Moyo watu hawaufikirii kabisa, hasa wakiwa vijana. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 ulionesha kuwa wanawake wenye lupasi wa miaka 35 hadi 44 walikuwa na uwezekano wa kupata shambulio la moyo zaidi ya mara 50 kuliko wenzao wa umri huo. Mishipa ya damu huchakaa mapema kwa uvimbe wa ugonjwa, presha, figo mbovu na steroidi za muda mrefu, yaani dawa za kutuliza uvimbe kama prednisoloni. Kwa hiyo vyenye chumvi nyingi kama ng'onda na papa mkavu vipungue mezani, na sigara iachwe. Kifua kikiuma ukilala chali na kupata nafuu ukiinama mbele, huenda utando wa moyo umevimba, usingoje kesho.

Linaloniumiza zaidi ni diklofenaki, dawa ya maumivu, za duka la dawa la mtaani. Viungo vinatulia, figo zinaungua kimyakimya. Tafadhali, dada zangu, ulizeni kwanza.

Haidroksiklorokwini, kwa upande mwingine, wengi huiacha wakipata nafuu, au wakiambiwa ni dawa ya malaria. Hiyo ndiyo inayopunguza milipuko ya lupasi na kuzilinda figo. Kipimo kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho yachunguzwe.

Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani nawasihi zaidi. Bamvua likifika, jua linawapiga juu na mng'ao wa maji unawapiga chini, na jua huamsha lupasi. Mikono mirefu, mtandio, kofia pana juu yake, na mafuta ya kukinga jua usoni.

Ramadhani ikikaribia, njooni Shaabani. Tutatazama figo zako zinahimili saum au la, na dawa zihamishiwe futari na daku. Prednisoloni usiikatishe ghafla kwa ajili ya kufunga. Mwili uliozoea dawa hiyo unaweza kuanguka ndani ya siku chache.