Sensa ya oksijeni ukichomoa, gari si linatembea tu?
Wengi hapa Dar wanaamini sensa ya oksijeni, kile kidude cha kwenye ekzosi kinachoiambia kompyuta ya injini kama mafuta yamezidi au yamepungua, ukiichomoa hakuna shida, gari si linawaka. Kuwaka litawaka kweli, maana hata asubuhi injini ikiwa ya baridi kompyuta huwa haijaanza kuisikiliza, inapima mafuta kwa makadirio. Sasa bila sensa inabaki kwenye makadirio hayohayo na mara nyingi inamwaga wese la ziada, weka na foleni ya Mandela hapo, halafu masega ya ekzosi (yale ya kusafisha moshi, catalytic converter) yanapata moto kupita kiasi mpaka yanakufa, na bei yake unaijua. Kucheki mwenyewe, fungua plagi uone kama zina masizi meusi makavu, dalili ya wese kuzidi, au chomeka mashine ya daiginosisi injini ikishapata moto, sensa nzima ya kawaida, ile iliyo kabla ya masega, inarukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9, ikiganda sehemu moja angalia waya kwanza kabla hujakimbilia Kariakoo.