Falsafa ya mwandishi haitoshi kwenye sentensi moja

Dhana: Riwaya ina jibu moja, kazi ya msomaji ni kulichomoa.

Shuleni tulifundishwa kuchambua kwa vipengele: dhamira, ujumbe, msimamo, kisha falsafa ya mwandishi. Unaandika "mwandishi anaamini haki hushinda", unapata maksi zako, unaendelea na swali linalofuata.

Ukweli: Soma Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) uone sentensi hiyo inavyopwaya. Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, wakaishia gerezani. Kila kisa kinauliza upya: sheria inayomfunga mtu kwa kuitakia nchi yake mema, bado ni sheria? Mwishoni Karama anashinda, sawa. Lakini aliyemwachia ni mfalme wa nchi ile ile iliyowafunga wajumbe. Haki inayongoja mfalme aamke na masikio mazuri ni haki ya aina gani? Hapo ndipo mtihani ungepaswa kuanzia.

Dhana: Anachosema mhusika ndicho anachoamini mwandishi.

Ukweli: Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi (1974), haoni maana ya maisha, na mwisho anajiua. Wapo waliomlaumu Kezilahabi kwa kuhubiri kukata tamaa. Wanasahau kwamba Kazimoto ndiye msimulizi, msomi mwenye kiburi na kisasi, na kila kitu tunakiona kwa macho yake. Bishana naye, riwaya haikukatazi.

Dhana: Maswali haya ya falsafa yaliletwa na waliosoma vitabu vya Wazungu.

Ukweli: Kezilahabi aliijua vizuri falsafa ya Ulaya, hilo halina ubishi. Ila zaidi ya karne moja kabla yake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliugeukia moyo wake katika shairi la Al-Inkishafi, akauhoji kwa nini unaikimbilia dunia yenye hadaa, akauonyesha majumba ya matajiri wa Pate, mji wa pwani ya Kenya, yaliyogeuka makao ya popo. Imani yake ilikwisha kumpa jibu. Hata hivyo, anapofika kwenye taa za matajiri wale na vyombo vyao vya kaure anakawia, anavipamba kwa maneno, kana kwamba moyo anaoukemea haujashawishika. Anayeliita shairi hili mawaidha matupu amezipita beti hizo mbiombio.