Ada Ndogo Haimaanishi Udaktari Mdogo

Kila Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inapotangaza waliodahiliwa, simu yangu haipoi. Juzi ilikuwa zamu ya mzee mmoja ambaye binti yake amepata nafasi ya MD, yaani shahada ya udaktari, katika chuo cha umma cha Muhimbili na katika chuo kimoja cha binafsi, vyote Dar es Salaam. "Daktari," akaniambia, "nataka akasome kile cha gharama, maana ada ndogo itampa udaktari mdogo." Kwa miaka yote niliyofundisha wodini nimeisikia hoja hii, na leo naijibu kwa maandishi ili nipumzike.

Ada ya chuo cha umma ni ndogo kwa sababu mishahara ya wahadhiri hulipwa na Hazina, ilhali chuo cha binafsi hutegemea zaidi mifuko ya wazazi. Kote ni miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, na Baraza la Madaktari Tanganyika haliandiki kwenye leseni kwamba nyumbani kiliuzwa kiwanja. Tofauti ya shilingi milioni 4 kwa mwaka ni milioni 20 hadi kuhitimu, kabla hujahesabu chumba, nauli na mwaka wa kurudia iwapo sapu, yaani mitihani ya marudio, zitamshinda. Bodi ya Mikopo haimhakikishii mtu kuziba pengo hilo, na kinachokopwa kitakatwa asilimia 15 ya mshahara, ingawa tunashukuru kwamba ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezwa kwenye deni kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021.

Hayo ni hesabu tu. Linaloniudhi ni kwamba hakuna anayeuliza kitanda kimoja kinazungukwa na wanafunzi wangapi. Hospitali kubwa ya rufaa ina wagonjwa wengi, lakini ina pia watarajali na madaktari wanaosomea ubingwa, nao ndio wenye haki ya kwanza ya kushika sindano. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyesimama mstari wa nne kwenye raundi huondoka akiwa ameona vizuri migongo ya wenzake. Isitoshe, mgonjwa wa rufaa mara nyingi amekwisha kupita hospitali mbili au tatu, na barua yake inataja ugonjwa, hivyo mwanafunzi husoma jibu kabla ya kugusa tumbo. Hospitali ndogo humkutanisha na mtoto mwenye homa ambaye bado hajapewa jina la ugonjwa, na hapo ndipo kufikiri kidaktari kunapoanzia.

Asije mtu akanielewa vibaya na kukimbilia kila chuo kidogo. Mahali ambapo bingwa hupita mara moja kwa wiki, mwanafunzi anaweza kuzalisha akina mama ishirini huku akirudia kosa lilelile mara ishirini, asiwepo wa kumshika mkono. Nami nakiri udhaifu wa ushahidi wangu: nilisomea hospitali ndogo na ninaisifu, lakini nikijihoji kwa haki, siwezi kutenganisha nilichopewa na chuo na nilichopewa na daktari mmoja mkali aliyekataa kunisainia kitabu cha mazoezi mpaka nisikilize moyo wa mgonjwa upya. Angekuwa kwingine, huenda leo ningekuwa nasifu huko.

Kwa hiyo nilimwambia mzee aachane kwanza na majengo na mahafali. Binti aende akawatafute wanafunzi wa mwaka wa tatu, si viongozi wa serikali ya wanafunzi, awaulize wiki iliyopita walipima wagonjwa wangapi kwa mikono yao, na ni nani aliyewasahihisha. Mzee akalalamika kwamba zimebaki siku tatu tu za kuthibitisha chuo kimoja. Nikamkumbusha kwamba wodi zote mbili anaweza kuzifikia kwa daladala.