"Naichungulia tu mara moja": dhana potofu kuhusu simu na umakini

"Mimi naweza kusoma huku najibu meseji." Huwezi. Ubongo haufanyi kazi mbili za kufikiri kwa pamoja. Unarukaruka, na kila mruko una gharama yake. Ukiwa kwenye aya ngumu, kumbukumbu tendaji, yaani ile inayoshika unachokifikiria sasa hivi, imeshikilia vitu vichache tu: hoja ya sentensi iliyopita, neno linalobishaniwa, swali ulilokuwa unalifukuzia. Inaingia meseji ya "upo?" na vyote vinamwagika. Ukirudi, jicho linapata mstari wake lakini hoja imeshapotea, ndiyo maana unausoma mstari huohuo mara tatu.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy aliyaita haya mabaki ya umakini: sehemu ya akili hubaki kwenye kazi uliyoiacha, hasa kama hukuimaliza. Na meseji haiishi. Umejibu, sasa unasubiri ujibiwe. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Stanford kiliwapima watu waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari na mawasiliano kwa wakati mmoja. Hao ndio waliokuwa wazito zaidi kuhama kazi, na wepesi kuvurugwa na visivyohusika. Kwa hiyo tuache kujisifu kwamba tumezoea.

Simu iende chumba kingine kwa dakika 25. Pembeni weka karatasi: likikujia "ngoja niangalie salio", liandike, usilifuate. Ukilazimika kukatisha, andika kwanza umeishia wapi na utaanza na nini ukirudi. Mstari mmoja unatosha, na watu wengi huuruka huu.

"Nimezima mlio." Mtetemo je? Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa arifa peke yake huongeza makosa, hata kama mtu hajaigusa simu.

"Umakini wa binadamu siku hizi ni sekunde 8, samaki anatushinda." Porojo. Ilienezwa na ripoti ya Microsoft Kanada ya mwaka 2015, bila kipimo chochote cha maana nyuma yake. Mtu huyohuyo anatazama mechi dakika 90. Kilichopungua kweli, kwa vipimo vya mtafiti wa umakini Gloria Mark, ni muda wa kukaa kwenye skrini moja kabla ya kuhama: dakika 2 na nusu mwaka 2004, sekunde 47 miaka ya karibuni. Hiyo ni tabia, si uwezo wa ubongo.

"Kusoma ni kusoma, skrini au karatasi." Kwa hadithi, sawa. Kwa maandishi ya maarifa, uchambuzi wa tafiti 54 uliotolewa mwaka 2018 uliipa karatasi ushindi, na pengo lilikua pale msomaji alipobanwa na muda. Mkataba unaotaka kuusaini leo jioni, uchapishe.