“Niliisasisha tu”: dhana potofu kuhusu droni ndogo ya FPV iliyotoka kiwandani

Droni ndogo ya mbio ya FPV, yaani inayorushwa kwa kuona picha ya kamera yake kwenye miwani, inayouzwa ikiwa imeshaunganishwa hufika mezani kwa fundi na maelezo yaleyale: ni mpya, haijaruka hata mara moja, ikiinuka inapinduka, bila shaka mota imekufa. Ukiuliza ilifanywa nini kabla ya hapo, jibu ni “niliisasisha tu.” Hiyo “tu” ndiyo inayokula nafasi kubwa hapa. Dhana nyingine zitapata mistari michache, kwa sababu zinastahili michache.

Dhana: Droni mpya huanza kwa kuflashiwa Betaflight ya karibuni

Kuflashi ni kupakia programu upya kwenye bodi, na ushauri huu umeazimwa kutoka kwenye simu. Simu ikisasishwa inajua bado ni simu ileile. Bodi ya droni haijui chochote kuhusu fremu ambamo imefungwa. Betaflight ni programu moja inayoendesha bodi za kila aina, na kinachoiambia “umelala hivi, mota zako zinazunguka vile, risiva (kipokezi cha rimoti) iko mlango ule” ni mistari michache ya mipangilio iliyowekwa na mtengenezaji. Ukiflashi na kufuta chipu nzima, mistari hiyo imekwenda, na hakuna mahali pengine ilipoandikwa isipokuwa ukiwa na bahati kwamba mtengenezaji ameiweka mtandaoni kwa toleo lako hasa.

Tuanze na mwelekeo wa bodi. Katika baadhi ya fremu bodi hufungwa ikiwa imezungushwa, na mstari wa align_board_yaw ndio unaofidia. Ukirudi sifuri, kila marekebisho yanakwenda upande usio wake. Kosa la nyuzi 45 linatosha kuifanya iyumbe kama mlevi. Nyuzi 90 au 180 zinaipindua kabla haijapanda shibiri moja. Mota zote nne ni nzima. Kinachomaliza ubishi ni ukurasa wa Setup kwenye programu ya Betaflight ya kompyuta: shika droni mkononi, inamisha pua, na picha ya droni kwenye skrini nayo iinamishe pua. Inamisha upande wa kulia, picha ifuate kulia. Ikifuata upande mwingine, usiguse mota.

Kisha mwelekeo wa propela. Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Mzunguko wa mota yenyewe umehifadhiwa ndani ya ESC (kidhibiti cha kasi ya mota), kwa hiyo kuflashi bodi hakuubadilishi. Kinachofutika ni maelezo ya bodi kuhusu mzunguko huo, yaani yaw_motors_reversed. Droni iliyotoka kiwandani na propela za mbele zinazosukuma upepo nje, mbali na kamera, sasa inaongozwa na bodi inayoamini kwamba zinausukuma ndani. Itainuka vizuri kwa nusu sekunde, halafu itazunguka papo hapo kama pia, na kadiri bodi inavyojitahidi kuizuia ndivyo inavyozidi kuikoleza. Ukiona pia, fikiria mstari huu kwanza.

Kupima kunahitaji dakika tano. Toa propela zote nne. Fundi anayefungua ukurasa wa Motors na propela zikiwa mahali pake anacheza na vidole vyake. Chomeka betri, washa kitufe cha ruhusa, sogeza kitelezi kimoja kimoja kidogo tu. Namba 1 ni nyuma kulia, 2 mbele kulia, 3 nyuma kushoto, 4 mbele kushoto. Kama kitelezi cha 1 kinazungusha mota nyingine, mpangilio wa mota umepotea, na hiyo peke yake ni sababu kamili ya kupinduka. Ili kuona upande wa mzunguko, gusisha ukingo wa kipande cha karatasi laini kwenye kengele ya mota, yaani sehemu yake ya nje inayozunguka: karatasi itakunjwa kuelekea inakozunguka. Mota zilizo kwenye pembe zinazotazamana kimshazari huzunguka upande mmoja. Linganisha na mchoro ulio ukurasa uleule. Droni ikipishana na mchoro kwa mota zote nne, badilisha maelezo ya bodi. Ikipishana kwa mota moja, geuza mzunguko wa mota hiyo.

Baada ya hapo inakuja risiva, na hapa ndipo watu hulia. Bodi nyingi za betri ya seli moja zina risiva ya ExpressLRS (mfumo wa mawasiliano kati ya rimoti na droni) iliyojengwa ndani. Tazama ukurasa wa Receiver: kama aina ya risiva imeandikwa SPI, basi risiva hiyo haina programu yake, inategemea toleo la Betaflight lililo kwenye bodi. Betaflight 4.3 ilibeba ExpressLRS 2, na kuanzia 4.4 ikawa ExpressLRS 3. Toleo la 2 na la 3 hayasikilizani hata kidogo. Kwa hiyo mtu mwenye rimoti iliyobaki kwenye 2 anasasisha bodi ili “iwe bora”, rimoti inakuwa kipofu, na siku mbili zinaisha akijaribu kuoanisha vitu visivyozungumza lugha moja. Chagua: ipandishe rimoti nayo, au irudishe bodi ilikokuwa.

Kuna na vipotevu vidogo. Jedwali la VTX (kirusha picha ya video) likifutika, huwezi tena kubadilisha chaneli ya video kutoka kwenye menyu. Tangu 4.4, wakati wa kuflashi unachagua vipengele vinavyoingizwa. Usipochagua OSD (maandishi yanayowekwa juu ya picha) inayofaa, maandishi ya volti hayatatokea kwenye miwani hata ukiyapanga mara kumi. Na ukiwasha DShot ya pande mbili (mawasiliano ambamo ESC nayo huijibu bodi) huku programu ya ESC ikiwa BLHeli_S ya kawaida badala ya Bluejay, ukurasa wa Motors utaonyesha makosa ya asilimia 100 na droni itakataa kuamsha mota. Tena mtu anaagiza ESC.

Ukitaka kusikia ushauri mmoja tu katika haya yote: kabla ya kitu chochote, hata kabla ya betri ya kwanza, chomeka USB, fungua CLI (ukurasa wa kuandika amri), andika diff all, subiri imalize, kisha bonyeza kuhifadhi kwenye faili. Juu kabisa ya matokeo hayo kuna namba ya toleo, na chini kidogo kuna mstari wa board_name. Jina hilo la bodi ndilo utakalochagua siku ukilazimika kuflashi. Usichague kwa kufananisha picha wala kwa jina lililo kwenye boksi. Faili lipe jina lenye namba ya toleo ndani yake. Na usilimwage lote kwenye toleo jipya kana kwamba ni dawa: majina ya mipangilio hubadilika kati ya matoleo. Rudisha kwa mkono milango, modi, mwelekeo wa bodi, mpangilio wa mota na jedwali la VTX, halafu pima upya kama droni ya kigeni.

Je, kuna siku ya kusasisha? Ipo. Kuna hitilafu unayoijua kwa jina, na toleo jipya linaiondoa. Au rimoti yako iko ExpressLRS 3 na bodi ya SPI iko 4.3. “Limetoka jipya” si sababu. Ruka kwanza betri kumi kwenye ilivyokuja.

Dhana: Mota zinapanda zenyewe mezani, basi bodi mbovu

Umetoa propela, umeamsha mota, umesukuma throtoli kidogo, na mota zinaongeza kasi polepole huku moja ikizidi nyingine. Hiyo ni droni nzima. Bodi inaona tofauti ndogo kati ya jairo (kihisi cha mzunguko) na vijiti, inaongeza nguvu kurekebisha, hakuna propela za kuisogeza, tofauti inabaki, inaongeza tena. Mezani tumia vitelezi vya Motors, kwani huko hesabu hiyo haiingii. Na tafadhali usiishike mkononi ikiwa na propela “kuona kama inatulia”.

Dhana: Haiwaki ikiwa kwenye kompyuta, basi imekufa

Betaflight inakataa kwa makusudi kuamsha mota ikiwa imeunganishwa na kompyuta. Alama yake ni MSP. Andika status kwenye CLI uone sababu zote: THROTTLE ni kijiti kutoshuka chini kabisa, RXLOSS ni rimoti kutosikika, ANGLE ni droni kuinama kupita nyuzi 25, kwa mfano imelala kwenye nyasi. Na kama kompyuta haioni droni kabisa, badilisha kebo kabla ya kulaani bodi. Kebo nyingi zilizolala kwenye droo hubeba umeme tu bila data.

Dhana: Ikikokota upande mmoja, sogeza trimu ya rimoti

Hapana. Trimu inaondoa kijiti kwenye 1500, thamani yake ya katikati, na katika Acro (modi ambayo droni haijisawazishi yenyewe) hilo ni agizo la kuzunguka lisilokoma. Rudisha trimu zote sifuri. Kwenye ukurasa wa Receiver hakikisha kila kijiti kikiachwa kinasoma 1500, na mwisho wake ni 1000 na 2000. Tofauti rekebisha kwenye rimoti, upande wa ukomo wa chaneli. Kisha weka droni juu ya meza iliyo sawa na ufanye usawazishaji wa akselerometa. Huo unahusu Angle na Horizon pekee, modi ambazo droni hujisawazisha. Anayeruka Acro hauhitaji. Ndani ya nyumba ikikokota kidogo baada ya hapo, huenda ni upepo wake mwenyewe unaorudi kutoka ukutani.

Dhana: Taa ya risiva inapepesa haraka, risiva imeungua

Risiva ya ExpressLRS yenye programu yake ikikosa rimoti kwa sekunde 60 inafungua Wi-Fi, na kupepesa haraka ndiyo ishara yake. Ichomoe. Kuoanisha ni kuchomeka na kuchomoa umeme mara tatu kwa haraka. Taa ikipepesa mbilimbili, bonyeza kitufe cha kuoanisha kwenye rimoti. Ila kumbuka: ikiwa rimoti na risiva zimewekewa neno la siri moja, hakuna cha kubonyeza.

Dhana: Failsefu nitaijaribu uwanjani

Failsefu ni kinachofanyika mawasiliano ya rimoti yakikatika, na uwanjani ni pa kuchelewa. Propela nje, betri ndani, USB imechomolewa. Amsha mota, sukuma throtoli kidogo, zima rimoti. Mota zinatakiwa kusimama ndani ya sekunde moja au mbili. Zikiendelea kuzunguka, risiva inashikilia agizo la mwisho, na droni hiyo hairuki mpaka risiva ipangwe isitume chochote mawasiliano yakikatika.

Dhana: Picha ikikwaruza, ongeza milliwati

Mara nyingi miwani iko chaneli ya jirani. Kwenye RaceBand (kundi moja la chaneli za video) chaneli zinapishana MHz 37 tu: R1 ni 5658, R2 ni 5695. Ukiwa mezani picha ya R1 inaonekana kwenye R2 bila shida, ukivuka uwanja inageuka theluji. Utafutaji wa kujiendesha wa miwani husimama popote ulipopata ishara. Weka chaneli kwa mkono pande zote mbili. Halafu angalia antena: RHCP (mawimbi yanayozunguka kulia) upande mmoja na LHCP (yanayozunguka kushoto) upande wa pili ni hasara kubwa isiyofutwa na nguvu yoyote ya VTX ndogo. Usiwashe VTX bila antena, na usiiache ikiwaka mezani bila feni. Hupozwa na upepo wa kuruka.

Dhana: Propela ni propela

Mbili zinazunguka kulia, mbili kushoto. Tazama panga kwa ubavu: ukingo ulioinuka ndio unaotangulia kukata upepo. Ukifunga iliyo kinyume, kona hiyo haitanyanyuka, na utasema tena mota. Kwenye droni za milimita 65 propela za milimita 31 hushikwa na mhimili kwa kubana tu, kwa hiyo hakikisha imeshuka hadi mwisho lakini haisuguani na kengele. Mota moja ikiwa moto kuliko nyingine, vuta propela uangalie chini yake kabla ya kununua mpya: unywele mmoja au uzi wa zulia uliojiviringisha kwenye mhimili unatosha. Kisha angalia skrubu za mota. Ndefu kuliko ilivyotakiwa hugusa waya za shaba ndani.

Dhana: Betri ni ile ile ikiingia tundu

Betri ya LiPo ya kawaida inajaa kwenye volti 4.20 kwa seli, LiHV (LiPo ya volti ya juu) kwenye 4.35. Chaja ndogo nyingi zina kiswichi cha kuchagua. Ukiijaza LiPo ya kawaida hadi 4.35 umeianzishia kuvimba. Chaji kwa kiwango cha 1C, yaani ampea sawa na uwezo wa betri: mAh 300 ni ampea 0.3, mAh 450 ni 0.45. Hewani Betaflight huonya kwa chaguo-msingi kwenye 3.5 kwa seli. Onyo likitokea ukisukuma throtoli na kuondoka ukiachia, bado kuna safari kidogo. Likibaki hata ukiachia, tua. Betri isiyoruka wiki hii ikae kwenye 3.8, si ikiwa imejaa “ili iwe tayari”.